Humu Ndani Kinachofuka ni Birika Tu

Kama gazeti la juma lililopita lilikupita, usihangaike kulitafuta. Kwa sasa litakuwa limeshafungiwa karanga. Habari yenyewe ni fupi. Mimi ni mwonjaji wa chai kiwandani. Homa ilinilaza, ikaniachia, na ilipoondoka iliondoka na pua yangu. Pua ya usoni ipo, hata kamasi inatoa. Kilichokwenda ni harufu. Ukiniwekea waridi na soksi ya askari, kwangu ni mamoja.

Nikanyamaza. Nikaendelea kukaa mezani, navuta chai kwa kijiko, naizungusha mdomoni, natema kwenye ndoo, kama zamani. Majibu nilikuwa nayasoma usoni kwa mwenzangu mmoja tunayemwita Miwani, ambaye nyusi zake hazijui kusema uongo. Chai ikiwa njema, zinapanda. Ikiwa imeungua kwenye tanuri, zinakutana katikati.

Wapo wanaouliza kwa nini sikusema ukweli tangu mwanzo. Jamani, nyumba. Tunaishi nyumba ya kiwanda, na nyumba zile hupewa waonjaji peke yao. Mwonjaji akiacha kuonja, anabeba godoro na sufuria zake anaondoka. Mimi, mume wangu na baba yake mzazi tulikuwa tunalala chini ya paa lililoshikiliwa na pua yangu. Wengine hula kwa jasho, mimi nilikuwa nalisha watu kwa kunusa.

Basi leo niwaeleze ya sigara.

Nyumba ile ilikuja na sharti lake: hakuna kuvuta ndani. Mume wangu na mimi tulilitia sahihi siku ya kupewa funguo, tukacheka, maana hatuvuti. Wageni ndio walikuwa kazi. Lakini mume wangu ni fundi friji, amezoea kuingia majumbani mwa watu, anajua kusema jambo gumu bila kumkwaza mtu. Mgeni akigusa mfuko wa shati tu, yeye anasema, "Karibu sana, jisikie nyumbani. Ila humu ndani kinachofuka ni birika tu." Mgeni anacheka, sigara inarudi mfukoni. Ni mjomba wake mmoja tu aliyekasirika. Alisema nyumba ambayo mwanamume anaomba ruhusa ya kuvuta si ya mpwa wake, ni ya ukweni, na hakuja tena.

Akaja baba mkwe, baada ya mama mkwe kufariki.

Huyu alikuwa mtu wa reli, amevuta sigara maisha yake yote na hakuna kituo cha treni ambacho hakuacha majivu. Sasa nani amwambie? Mkamwana hamwambii baba mkwe usivute. Mtoto naye hamwambii baba yake, mtoto hata kuwasha mbele ya baba yake hawashi. Ikabidi tupitie njia ya nyuma. Mimi nikamwambia mume wangu, mume wangu akamwambia shangazi yake, shangazi akampigia kaka yake simu, akamsimulia habari za watu wengine kabisa, wenye nyumba yao isiyopenda moshi. Mzee hakuuliza ni nyumba gani. Tangu siku hiyo akawa anavutia uani, karibu na tangi la maji.

Na alifanya kwa heshima zote. Alikuwa na koti la kuvutia, linakaa kwenye msumari nje. Akimaliza anasukutua, ananawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, anakaa nje kwanza apigwe na upepo, ndipo anaingia. Mvua ikinyesha anasimama na mwavuli. Mimi namwona kupitia dirisha la jikoni, mzee wa mvi, maji yanamchuruzika mgongoni, anavuta haraka haraka. Nilimhurumia. Kumwambia aingie nisingeweza, maana sigara yake ingekula mkate wake mwenyewe.

Hayo ni ya kabla ya homa.

Alhamisi moja baada ya homa nilifika kazini kama kawaida. Bakuli zimepangwa, maji yamechemka, Miwani yuko mahali pake na nyusi zake. Nikavaa koti langu jeupe, nikashika kijiko.

Mkuu wetu akaingia. Huyu tunamwita Kijiko, kwa kuwa anatembea na kijiko chake mwenyewe mfuko wa kifuani na cha kiwanda hakigusi. Alifika nusu ya chumba akasimama.

"Nani amevuta?"

Kila mtu akainua kidevu, akanusa kushoto, akanusa kulia. Na mimi nikainua changu nikanusa, kama mtu asiyejua wimbo anayechezesha midomo kwaya inapoimba. Halafu nikaona nyusi za Miwani zinakutana katikati. Alikuwa ananitazama mimi.

Kijiko akaja mbele yangu. Akashika ukosi wa koti langu kwa vidole viwili.

"Hili lako?"

"Langu."

"Limelala wapi?"

"Nyumbani."

"Unasikia linavyonuka?"

Nilikuwa na njia mbili, zote mbovu. Nikisema sisikii, mwonjaji asiyesikia sigara iliyo kwenye ukosi wake mwenyewe, basi kazi imekwisha pale pale na nyumba imekwenda. Nikisema nasikia, nitaulizwa kwa nini nimeingia na uchafu ule kwenye chumba cha kuonjea. Moshi wenyewe sikujua umetoka wapi. Nikatafuta sababu ambayo mtu mwenye pua nzima angekuwa nayo, nikaipata moja.

"Nasikia," nikasema. "Ni mimi. Nimeanza kuvuta."

Nililitamka kama mtu anayeulizwa saa. Ndivyo nilivyokuwa tangu homa ile. Mambo yalikuwa yanatokea mbele yangu, nami nayatazama.

"Wewe, Pua?" Miwani akasema. Hilo ndilo jina langu kazini.

"Mimi."

"Tangu lini?" akauliza Kijiko.

"Si zamani."

"Ndani ya nyumba ya kiwanda?"

"Ndani."

Kijiko si mkali. Angekuwa mkali ingekuwa rahisi. Aliachia ukosi wangu akajifuta vidole kwa leso.

"Mimi kiti changu nilikuwa nimekuwekea wewe," akasema. "Sikumwambia mtu, lakini ndivyo. Haya. Vua hilo koti, nenda nyumbani, usiguse bakuli. Jumatatu uje umeoga, nguo safi, nitakupangia meza yako. Nataka nione sigara imekula kiasi gani."

"Na Miwani atakuwepo?"

Sijui kwa nini niliuliza. Mdomo ulinitangulia.

"Miwani wa nini? Utaonja peke yako mbele yangu." Akageuka. "Na mumeo nampigia simu sasa hivi. Nyumba ina masharti, na sahihi yake ipo."

Nimeruka majivu nimekanyaga moto. Nilidanganya ili nisipimwe pua, nikapewa siku ya kupimwa pua. Nikakunja koti, nikalitia kwenye mfuko, nikatoka. Nyuma yangu nikasikia mtu mmoja anamwambia mwingine, "Wanawake wa siku hizi." Mwingine akasema, "Ni mawazo, bwana. Mtu akiwa na mawazo anaanza hivyo hivyo."

Kutoka kiwandani hadi nyumbani ni barabara moja yenye nyumba za waonjaji kila upande, na ya Kijiko ndiyo ya mwisho juu kabisa. Nilishuka najiuliza kitu kimoja tu: moshi ule umetoka wapi? Mume wangu havuti. Mgeni hatujapata. Mzee anavutia uani, koti lake liko msumarini, nimeliona asubuhi kwa macho yangu.

Nikafungua mlango.

Baba mkwe alikuwa kwenye kiti chake kikubwa pale sebuleni, miguu ameinyoosha, kisahani changu cha wageni kiko gotini, sigara iko kidoleni. Saa zile hakunitazamia. Mkono wake ulishuka nusu kuelekea chini ya kiti, kisha ukarudi juu, kama aliyeona haina haja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Mbona mapema, kazini kwema?"

"Kwema." Nikabaki nimesimama. "Baba, unavuta."

Akacheka kidogo, cheko la aibu.

"Leo umeamua kulisema," akasema. "Ni haki yako. Mimi nilikuwa najiuliza utalisema lini. Kaa, mama. Kaa nikwambie, nimekaa nalo sana moyoni."

Nikakaa.

"Unakumbuka ile siku ya mvua kubwa, mwavuli wangu ulipopinduka? Nilirudi ndani nimelowa mpaka mifupani, na sigara sijavuta. Nikasema nivute hapa dirishani, mara moja tu, mtu hajaja. Nikasikia funguo mlangoni. Nikaificha chini ya kiti, lakini moshi umeshajaa, utauficha wapi? Ukaingia. Ukaniamkia. Ukaniuliza kama nimekula. Ukapita zako jikoni."

Nilikuwa naikumbuka. Nilikuwa nimeuona hata ule ukungu sebuleni, nikadhani ni mvuke wa nguo tulizoanika ndani kwa ajili ya mvua.

"Nikajiambia, jioni atamwambia mwanangu, na mwanangu atamwambia dada yangu, na dada yangu atanipigia simu anisimulie habari za jirani." Alijua siku zote, kumbe. "Jioni ikapita kimya. Kesho yake nikavuta tena, nikupime. Ukaniletea chai, ukakaa hapo ulipokaa sasa, moshi unakupita usoni, unanisimulia habari za kazini. Ndipo nikaelewa."

"Ukaelewa nini, baba?"

"Kwamba umenihurumia mvua."

Majivu yalikuwa yamerefuka, yakamwangukia kwenye suruali. Hakuyapangusa.

"Mama yake mumeo, Mungu amrehemu, tuliishi naye miaka yote ile na hakuniruhusu kuvuta chumbani hata siku moja. Na yeye alikuwa mke wangu. Wewe ni mtoto wa watu, pua yako ndiyo inayotuweka mjini, lakini ulikaa na moshi wangu ukanyamaza ili mzee asisimame mvuani. Nimewaambia wote pale kwa kinyozi. Nimewaambia, semeni mtakavyo kuhusu wakamwana wenu, wangu hana mfano. Ila wewe mwenyewe sijakushukuru. Ahsante, mama."

Hapo ndipo mtu hulia. Nilijua kabisa kwamba ndipo. Nikangoja machozi, hayakuja. Homa ile haikuondoka na harufu tu, ilibeba na mengine. Chakula kilikuwa kama karatasi kinywani, na siku zingine watu pia. Namwona mzee wa watu ananishukuru kwa moyo wote, nami nawaza kwamba kisahani kile kina seti yake, na majivu yatakitia doa.

"Usijali, baba," nikasema.

Shukrani haikuwa yangu, lakini niliichukua.

Nje pikipiki ikazima. Mume wangu akaingia na mfuko wake wa vifaa begani, uso umemkaa vibaya. Hata hivyo alimwamkia baba yake kwanza, ndivyo alivyolelewa. Kisha akanigeukia.

"Kijiko amenipigia. Nimeacha friji ya watu imefumuliwa sakafuni. Eti umeanza kuvuta?"

"Nani anavuta?" baba mkwe akauliza.

"Mke wangu, baba. Amesema mwenyewe mbele ya wenzake. Anavuta, tena ndani ya nyumba hii."

Mzee alitazama sigara yake. Akanitazama mimi. Nikaona jambo linaundika usoni mwake taratibu, na lilikuwa zuri mno, na halikuwa kweli.

"Umenibebea," akasema. "Wamesikia moshi wangu kwenye nguo zako, ukanibebea mbele ya wakubwa wako."

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana. Kunyamaza kulikuwa kumenisaidia mpaka hapo, nikakuacha kuendelee na kazi.

Mume wangu akaketi kwenye mkono wa kochi. "Kwa hiyo ni hivyo? Ulikuwa unamkinga baba?" Nikatazama chini. Akapumua. "Baba, tusidanganyane. Hata mimi nimekuwa nikisikia. Kila jioni nikiingia nakutana na moshi mlangoni. Nikasema, mwenye pua yupo na amenyamaza, mimi ni nani nifungue mdomo? Funika kombe mwanaharamu apite."

Ndiyo nyumba tuliyokuwa tunaishi. Mzee anavuta na kudhani nimemstahi. Mtoto anasikia na kudhani nimeruhusu. Mimi napita katikati na birika la chai, sijui lolote, naitwa mkamwana asiye na mfano.

Baba mkwe akazima sigara kwenye kisahani, akasimama. Akachukua koti lake zuri, lile la safari, nyuma ya mlango.

"Nakwenda kwa huyo Kijiko. Si nyumba ile ya mwisho? Chakula cha mchana si anakuja kula kwake? Nitamwambia moshi ni wangu. Na nitamwambia pua ya mkamwana wangu haina hata mkwaruzo, kwamba alikuwa anasikia kila siku ya Mungu akavumilia kwa ajili ya adabu. Akitaka kunifukuza mimi, anifukuze mimi."

Nilimtazama anatafuta mkono wa koti. Nikafikiri, labda. Mkuu wetu anapenda wazee. Akiambiwa na mtu mzima kama huyu, labda atasahau Jumatatu. Nikajisikia nafarijika, kwa mbali.

"Ngoja kidogo, baba," mume wangu akasema.

Hakuwa anamtazama baba yake. Alikuwa anatazama kiti kikubwa.

"Koti lako la kazini unalitundika wapi siku hizi?" akaniuliza.

"Hapo. Mgongoni mwa kiti."

"Kiti cha baba."

"Ndiyo."

"Zamani ulikuwa unalifunga kwenye mfuko wa nailoni, mfuko kwenye kabati, kabati na ufunguo. Nikikaanga kitunguu unapiga mbio kufunga mlango wa chumba."

"Nimekuwa nachoka. Nasahau."

"Kumnyamazia baba naelewa. Mimi mwenyewe nimemnyamazia. Lakini koti la mezani? Uliache kwenye moshi usiku kucha, asubuhi ulivae, uende nalo mbele ya Kijiko?" Akatikisa kichwa. "Mtu mwingine, sawa. Wewe?"

Mume wangu kazi yake ni kutafuta mahali gesi inapovujia. Hapandishi sauti, hana haraka. Anagusa bomba moja, anasikiliza, anagusa jingine. Nimeishi naye, najua akishaanza haachi.

"Funga macho," akasema.

"Ya nini?"

"Funga tu, mke wangu."

"Mwanangu," baba mkwe akasema, mkono mmoja umeingia kwenye koti, mwingine bado, "usimfanyie mkeo mambo ya kitoto. Anatoka kuaibishwa huko."

"Samahani, baba. Kidogo tu."

Nikafunga macho.

Nikasikia ndara zake zinaelekea jikoni. Nikasikia ubao wa kukatia unavutwa, kisu kinagonga ubaoni, ko ko ko ko, upesi upesi. Ndara zikarudi. Zikapita upande wa kiti, zikasimama, zikaja kwangu. Pumzi yake ikawa karibu, na mkono wake nikauhisi chini ya pua.

"Hii nini?"

Sasa mimi nilikuwa mzoefu. Aliyenyimwa pua hutumia masikio. Sikujibu papo hapo, mwonjaji hajibu papo hapo. Nikavuta pumzi, nikainamisha kichwa kidogo upande wa kulia kama nifanyavyo mezani, nikaishikilia, nikaiachia.

"Kitunguu," nikasema. Na kwa kuwa niliona kimepokelewa kimya, nikakiongezea. "Chekundu. Tena kimelala kwenye friji bila kufunikwa."

Mkono wake ukaondoka chini ya pua yangu.

"Fungua macho."

Kati ya vidole vyake kulikuwa na kipisi cha sigara, kile cha kwenye kisahani, kimepondwa, bado kina majivu. Nyuma yake mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Ubao ulikuwa mezani mtupu, na kisu juu yake.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu homa."

"Harufu zote?"

"Zote."

"Na Jumatatu?"

"Anataka nionje peke yangu."

Akakaa chini, akakiweka kile kipisi kwenye kisahani kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Na umekuwa unapika na gesi," akasema. "Muda wote huu, mlango umefungwa, na mzee anawasha kiberiti hapa." Hakuwa ananigombeza. Alikuwa anahesabu jinsi tulivyonusurika. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, nami nilikuwa namtazama tu.

Ni baba mkwe niliyemsahau.

Alikuwa amesimama pale pale, mkono mmoja ndani ya koti.

"Kwa hiyo siku ile ya mvua," akasema polepole, "hukusikia kitu."

"Hapana, baba."

"Na kesho yake, uliponiletea chai."

"Hapana."

"Hukuninyamazia."

Ningeweza kumrembea maneno. Nilikuwa nimedanganya mkuu wa kazi asubuhi ile bila kupepesa macho, uongo mmoja zaidi kwa mzee ungenigharimu nini? Lakini alikuwa ananitazama kama mtu aliyeshika kitu dhaifu mkononi na anaomba asikiangushe, na sikupata cha kumwambia isipokuwa kilichokuwepo.

"Sikujua kama kuna cha kunyamazia, baba."

Akaitikia kwa kichwa. Akaitikia tena. Nadhani kimawazo alikuwa pale kwa kinyozi, anapita kwa mmoja mmoja, anakumbuka alichowaambia. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu homa, kitu kilinichoma, upande wa kushoto, kidogo lakini cha kweli. Niliona huruma na niliona aibu. Sikuvipenda hata kimoja.

Akaingiza mkono wa pili kwenye koti. Akafunga vifungo vyote, mpaka cha shingoni.

"Baba, unakwenda wapi?" mume wangu akauliza.

"Kwa Kijiko. Si nilisema nakwenda?"

"Utamwambia nini?"

Mzee alifika mlangoni akashika kitasa. Alifikiri, na alifikiri kweli, maana si mtu wa kusema ovyo.

"Sijui," akasema. "Nitajua nikifika."

Mume wangu akanitazama, nami nikamtazama. Mtoto hamshiki baba yake mkono. Mkamwana hamzibii baba mkwe njia. Tulikuwa watu wenye adabu sana katika nyumba ile. Tukasimama tulipo, tukasikia geti linafunguka, kisha viatu vyake barabarani, vinapanda juu kuelekea nyumba ya mwisho.